Petroli Haishikani na Maziwa

Mwanangu alikunywa petroli asubuhi, mvua nyepesi ikinyesha, na sisi wanawake watatu tuliokuwa tunamlinda tulikuwa chini ya paa lilelile. Hakuwa amefikisha miaka miwili. Mimi nilikuwa nimesoma hadi kidato cha tano, na katika watu wote wa ule mji ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini petroli ikishaingia tumboni haitakiwi kurudi juu. Kujua kwangu hakukunisaidia kitu.

Mji wenyewe, yaani nyumba na uwanja wake, ni wa wakwe zangu, nje ya Urambo, kwenye njia inayotoka barabara kuu kwenda vijiji vya tumbaku. Mume wangu alikuwa Nzega kwenye mashimo ya dhahabu, akipiga simu akiwa na vocha na kunyamaza akiwa hana. Mkubwa wa mji alikuwa mama yake. Dada yake, ambaye ni wifi yangu, alikuwa ameachika na kurudi nyumbani. Tulikuwa wanawake watatu na mtoto mmoja, na shamba la tumbaku lisilojali nani kachoka.

Bodaboda wengi wakifika pale matangi yanakuwa yamekauka. Mama mkwe aliliona hilo kabla ya wengine. Alikuwa ananunua petroli kwa dumu mjini, anaigawa kwenye chupa za maji ya kunywa, anazipanga juu ya kiti kilichovunjika egemeo mbele ya nyumba. Mvua ikianza, kiti na chupa zake vinaingizwa kwenye banda tunalotungia tumbaku. Niliwahi kumwomba aziweke juu.

"Nikiziweka juu nani ataziona?" alinijibu. "Au nitundike na kengele?"

Petroli ile ina rangi ya chai ya rangi iliyozidishwa maji. Ukiiweka kwenye chupa ya maji, mbele ya mtoto aliyezoea kunyweshwa kwa chupa hizohizo, umemwekea juisi.

Nieleze nilijuaje. Nilisoma bweni Tabora mjini, nikichukua masomo ya sayansi, na kwa muda mrefu hatukuwa na mwalimu wa kemia. Halafu akaja kijana mmoja wa kujitolea, mwembamba, viatu vimepasuka soli, sauti kubwa kuliko mwili. Huyo hakuwa mtu wa kutuandikia maelezo ubao mzima tunakili. Alikuwa anachora molekuli moja, anageuka, anauliza: "Hawa wanashikanaje na wenzao?"

Alitufundisha kuuliza kwa mpangilio. Kila molekuli, iwe ya nini, inavutana kidogo na mwenzake. Hiyo ni nguvu ya mtawanyiko, haimbagui mtu, hata gesi wanayo. Halafu unaangalia kama molekuli ina ncha mbili, upande mmoja chanya kidogo na mwingine hasi kidogo. Ikiwa nazo, unaongeza nguvu ya ncha kwa ncha. Halafu unaangalia kama kuna haidrojeni iliyoungana moja kwa moja na naitrojeni, oksijeni au florini. Ikiwepo, umepata kifungo cha haidrojeni, na kwa molekuli ndogo hicho ndicho kinachoshika kuliko vyote.

"Maji?" anauliza.

"Kifungo cha haidrojeni," darasa zima.

"Amonia, ile inayowatoa machozi chooni?"

"Kifungo cha haidrojeni."

"Kaboni dayoksaidi?"

Hapo darasa likagawanyika. Wengi walisema ncha kwa ncha, kwa sababu oksijeni inajulikana kwa kuvuta. Mimi nikasema ni mtawanyiko tu. Oksijeni ziko mbili, zinavuta kutoka pande mbili kwa nguvu sawa, na kaboni iko katikati haiendi popote. Akaniambia nisimame.

"Rudia. Wa nyuma hawajakusikia."

Nikarudia, na darasa zima likanyamaza kunisikiliza. Sijawahi kusikilizwa hivyo tena.

Siku nyingine akatuletea petroli. Akachora mnyororo wa kaboni uliovikwa haidrojeni, hauna oksijeni, hauna ncha. Mtawanyiko tu. Na kwa kuwa minyororo yenyewe ni mifupi, inashikana kwa ulegevu. Akamwaga tone mezani. Likasambaa na kuruka kabla hatujamaliza kulitazama. Akasema petroli haiingii kwenye maji kwa sababu maji yanashikana yenyewe kwa yenyewe, hayana sababu ya kuachiana ili kuipisha. Kisha akasema jambo ambalo halimo kwenye muhtasari. Akasema ndiyo maana mtu aliyekunywa petroli au mafuta ya taa hatapishwi. Ni nyepesi mno. Ikipanda, inapopita kooni inateleza na kuingia kwenye mapafu, na kule inasambaa kama ilivyosambaa pale mezani. Tumboni inaumiza. Kwenye mapafu inaua.

Muhula uliofuata nilikuwa na mimba na nikarudishwa nyumbani. Siku hizi wanasema aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Ruhusa ninayo. Wa kuniachia mtoto ndiye sina, na ada sina, na mume ambaye akisikia neno shule hageuzi mazungumzo pia sina.

Sasa asubuhi ile. Tulikuwa tumechuma jana yake, majani yamelowa, na yalitakiwa kutungwa kwenye fito na kuingia kwenye bani kabla hayajaharibika. Bani ni kile kijumba kirefu cha kukaushia tumbaku kwa moto, na moto wake ulikuwa unatusubiri. Mikono yetu ilikuwa myeusi kwa ile gundi ya majani mabichi isiyotoka kwa sabuni. Mtoto alikuwa nyuma yetu anacheza na vijiti. Nilimsikia akikohoa. Si kikohozi cha mafua. Kikohozi cha mtu aliyeshtuka.

Nilipogeuka alikuwa amekaa chini, chupa ameikumbatia mapajani, gauni limelowa kifuani. Macho yanatoka machozi lakini halii. Nikamnusa mdomo. Sikuhitaji kunusa mara ya pili.

Nilimvua lile gauni, nikamfuta, nikamkalisha wima begani. Alikuwa anapumua. Anakohoa, lakini anapumua vizuri, na nikajiambia imeingia kidogo, funda moja, labda mbili, na ikibaki huko tumboni tunaweza kumfikisha. Nikamwambia wifi apige simu ya bodaboda.

Mama mkwe alikuwa ameshakimbilia ndani. Akarudi na kikombe cha maziwa na chupa ya asali, anakoroga huku anatembea, na kijiko kinagonga kikombe. Kwetu Tabora hakuna ugonjwa ambao asali haijawahi kupelekwa kuutazama. Kidonda ni asali, kikohozi ni asali, mtoto akizaliwa tu anaonjeshwa asali. Na maziwa, kila mtu anajua, yanaua sumu. Ukivichanganya, ukampa mtu, ukamtia kidole, sumu inatoka imejifunga humo. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo alivyofanya kwa watoto wake, na wote wazima.

"Mama, tusimtapishe," nikasema.

"Mlete."

"Ikirudi juu inaingia kwenye mapafu."

"Mlete huyo mtoto. Sumu inatolewa. Tangu lini sumu ikaachwa ndani kama mgeni?"

"Petroli haishikani na maziwa, mama. Wala na asali. Ukiviweka pamoja kila kimoja kinakaa kivyake. Atakachotapika ni petroli ileile, haijafungwa na kitu."

"Mwalimu keshaanza," wifi akasema.

"Piga simu, wifi."

"Nimepiga, anakuja. Wewe mpe mama mtoto."

Nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa fito za tumbaku. Mama mkwe akanitazama. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba hata hasira hakuwa nayo, alikuwa na haraka tu.

"Shule iliyokufundisha hayo," akasema, "ndiyo iliyokufundisha kubeba mimba?"

Wifi akacheka kidogo, kile kicheko cha woga. Halafu akanishika. Ni mwanamke mkubwa, amebeba magunia tangu utotoni, akanizungushia mikono kwa nyuma na ile gundi ya tumbaku ikanatisha mikono yake kwenye ngozi yangu. Mama mkwe akamchukua mtoto begani kwangu kama mtu anayechukua nguo kwenye kamba.

"Njoo mke mwenzangu," alikuwa anamwambia. Ndivyo anavyomwita, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Njoo, kunywa, utapona, kunywa mama."

Alikuwa anamwokoa. Naandika hivyo ili isije ikasemwa kwamba nimemsingizia roho mbaya. Alikuwa anampenda na anamwokoa, na mimi nilikuwa nasema maneno ya kweli moja baada ya jingine, kwa sauti, kwa adabu kwanza, baadaye bila adabu. Nilisema mapafu. Nilisema nyepesi. Nilisema nakuomba. Nilimkanyaga wifi mguu. Mtoto alikunywa kwa sababu ilikuwa tamu.

Kisha kidole.

Matapishi yakamwagika kwenye sakafu ya udongo, meupe, na juu yake petroli imetanda peke yake, rangi rangi, haijachanganyika na kitu, kama vile mtu ameichora pale kunisaidia kueleza. Mama mkwe akainyooshea kidole.

"Si hiyo imetoka?"

Nilitazama. Ilikuwa imetoka kweli. Alikuwa na ushahidi wake sakafuni, na mimi wangu ulikuwa ndani ya kifua cha mtoto, mahali ambapo hakuna wa kuuona.

Haukuchukua muda kuonekana. Kikohozi kikabadilika kikawa kikavu, kinafuatana. Matundu ya pua yakaanza kupanuka na kusinyaa. Ngozi katikati ya mbavu ikawa inaingia ndani kila akivuta hewa, na kila akiitoa anatoa mlio mdogo, kama mtu anayeinua kitu kizito. Wifi akaniachia bila kuambiwa. Nikamchukua mtoto.

Bodaboda akafika. Ni rafiki wa mume wangu. Alipoona hali hakuzima hata pikipiki, lakini ikazima yenyewe.

"Shemeji, nisamehe," akasema. "Tangi halina kitu. Nilikuwa najua nitajaza hapa."

Kwa hiyo tulisubiri. Nimesimama na mtoto anayepigania hewa, natazama mtu akimimina petroli kwenye tangi kutoka chupa ileile aliyokunywea mtoto, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na ilikuwa haina kifuniko. Alimimina kwa uangalifu isimwagike. Sijui nilitaka afanye nini kingine. Bila petroli ile tusingefika.

Tukapanda mshikaki, mimi katikati, mama mkwe nyuma amenikumbatia kiuno ili tusidondoke. Njia yote ilikuwa matope. Nilimweka mtoto wima kifuani kwangu na nikawa nahesabu pumzi zake, zinanipotea, naanza tena.

Kituo cha afya kilikuwa na tabibu mmoja, kijana mtaratibu. Alimweka mtoto kwenye oksijeni kabla hajauliza chochote. Halafu akauliza amekunywa nini, nikamwambia. Akauliza kiasi gani, nikamwambia. Akauliza:

"Ametapika?"

"Hapana, baba," mama mkwe akasema.

Nikageuka. Alikuwa anatazama ncha ya khanga yake, anaikunja na kuikunjua. Nikaelewa kwamba lile swali, namna lilivyoulizwa, lilikuwa limemfikisha pale ambapo mimi nilishindwa kumfikisha kwa kupiga kelele. Aliogopa jibu lake.

"Ametapishwa," nikasema. "Kwa maziwa na asali na kidole."

Tabibu hakumgombeza mtu. Aliandika, akasema mtoto asipewe kitu kingine kwa mdomo, akatoka kutafuta gari la kutupeleka Kitete, hospitali ya mkoa. Mama mkwe akaniambia polepole, bila kuinua uso, "Umenivua nguo mbele ya mtoto mdogo." Alimaanisha tabibu.

Kule Kitete walimpokea vizuri. Picha ya kifua ilionyesha mapafu yana mawingu. Daktari alinieleza kwamba petroli yenyewe hawawezi kuitoa mle. Watampa hewa, watazuia maambukizi, watasubiri mapafu yapigane. Neno kusubiri alilisema kama dawa.

Sasa nikuambie nilifanya nini wodini, maana sikuwa na kazi. Kushika vyombo siruhusiwi, kumnyonyesha siruhusiwi, kumbeba siruhusiwi. Nilikaa kwenye benchi nikatambua nguvu za molekuli, kama darasani. Muuguzi akipita na pamba ya spiriti, najibu moyoni: ina oksijeni yenye haidrojeni, kifungo cha haidrojeni, ndiyo maana inakubali maji. Maji kwenye chupa ya dripu, kifungo cha haidrojeni. Harufu ya dawa ya choo, amonia, kifungo cha haidrojeni. Kaboni dayoksaidi anayoitoa mwanangu kwa shida, mtawanyiko tu. Halafu nikafika kwenye mtungi wa oksijeni. Atomi mbili zinazofanana, hakuna anayemvuta mwenzake zaidi, hakuna ncha. Mtawanyiko tu. Nikarudi kwenye petroli. Mtawanyiko tu. Yaani iliyokuwa inamwokoa na iliyokuwa inamuua, ukiwekewa kwenye mtihani uzitambue, jibu ni moja. Ningepata alama zote. Nilitamani kuuvunja ule mtungi kwa kichwa.

Mama mkwe alikuwa ananitazama midomo ikicheza.

"Unasali?" akauliza. Yeye alikuwa na rozari yake.

"Hapana, mama. Narudia masomo."

Akasogeza punje chache za rozari. Kisha akauliza, na safari hii haikuwa kejeli, "Huko shuleni walikwambia, akishatapika, mtu anafanyaje?"

"Hawakusema."

"Hawakusema kabisa?"

"Waliishia kwenye asitapishwe."

Akatikisa kichwa. "Basi na wao wanajua nusu," akasema, akarudi kwenye rozari yake. Mwalimu wangu alikuwa amemaliza mada na kengele ikagonga.

Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Tulilala chini ya kitanda kwa zamu, mama mkwe na mimi, na tulikula sahani moja, maana hatukuwa na ya pili. Mume wangu alifika, akasimama, akalia, akarudi Nzega kutafuta hela. Kisha asubuhi moja mtoto akang'oa ule mrija puani mwenyewe, akaomba uji. Muuguzi akataka kuurudisha, akamsikiliza kifua, akauacha. Nilitoka nje ya wodi nikakaa kwenye ngazi.

Tukaruhusiwa. Daktari alisema atakuwa mwepesi wa kubanwa kifua, asikae kwenye moshi. Nilimwambia tunaishi kwenye bani. Akasema, "Jitahidini."

Tuliporudi watu walikuja kutupa pole. Ndivyo inavyotakiwa, na ni vizuri, wanakuja na mahindi, na karanga, wanakaa. Na kila anayekuja anataka kusikia. Mwenye kusimulia ni mama mkwe, kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Alianza vizuri. Chupa, kikohozi, bodaboda. Lakini kila akisimulia, Kitete ilizidi kuwa fupi na asali ikazidi kuwa ndefu. Daktari mwenyewe alishangaa, alikuwa anasema. Kama isingetoka mapema ile petroli, tungerudi na maiti.

"Daktari hakusema hivyo, mama," nilisema mara ya kwanza, mbele ya watu.

"Wewe ulikuwa umechanganyikiwa," akasema kwa upole, akanipapasa goti. "Mnamwona? Alinikanyagia binti yangu mguu."

Wakacheka, na mimi wananihurumia humohumo kwenye kicheko. Nilimpigia simu mume wangu. Akasema, "Mtoto si mzima? Mshukuru mama, yaishe." Ningemthibitishiaje? Mtoto ni mmoja. Alitapishwa na amepona. Hakuna mwingine aliyekunywa funda zilezile akaachwa, ili nimweke kando yake niseme, tazameni huyu hajalala wodini. Nina maelezo na mama mkwe ana mtoto anayekimbia uani. Akisimama kupumua, kifua kinapiga filimbi, lakini filimbi hiyo wanasema ni moshi.

Chupa siku hizi ziko juu ya ubao ambao mama mkwe aliugongomea ukutani. Alifanya mwenyewe, bila kuombwa tena, na hajawahi kulizungumzia.

Juzi amekuja jirani mmoja wa upande wa pili wa njia, ana mtoto mgongoni, na yeye ameanza kuuza mafuta ya taa na petroli kwa chupa. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikiwa, akakaa. Akasema amekuja hasa kwa lile jambo, maana na yeye ana mtoto mtundu na hataki siku ikitokea awe hajui la kufanya.

Nikaacha fito niliyokuwa naitunga, nikaenda nikakaa mbele yake, uso kwa uso. Nikamwambia taratibu, kwa Kiswahili cha kawaida, bila molekuli wala nini. Mtoto akinywa, usimpe kitu, usimtapishe, mkalishe wima, mwahi kituo cha afya. Ikirudi juu inaingia kwenye mapafu. Nikamwambia arudie. Akarudia vizuri, neno kwa neno, anaitikia kwa kichwa, na nilianza kuhisi kitu kama nafuu.

"Asante, dada," akasema.

Kisha akamgeukia mama mkwe, akashusha sauti.

"Na ile asali, mama, ilikuwa ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo?"

"Wadogo," akasema mama mkwe.